Kitambaa cha Ukutani Hakina Kiuno

Fundi wa Nyakasimbi, mkoani Kagera, anayeshona sare za shule na magauni ya harusi hukata kitambaa cha mteja bila mkono kutetemeka. Mwombe aunge mabaki ya vitenge kuwa picha ya kutundika ukutani, uone mkasi unavyokuwa mzito. Sababu anazozitoa si za kupuuza, kwani zinatokana na uzoefu wa kweli, ila ni uzoefu wa kazi nyingine. Tuzijibu moja moja.

“Nikikosea kukata, kitambaa kimekwenda.”
Kwa gauni, ni kweli. Kuna mwili unaolisubiri, na ukikata kwapa sentimita 3 kupita alama, kitenge cha mtu utakilipa. Kitambaa cha ukutani hakina kiuno wala bega. Kipande kilichotoka kifupi kinaungwa na kingine, au kinahamia kona inayokitaka. Tena vipande hupangwa kwanza juu ya blanketi kuukuu, vikahamishwa mpaka jicho liridhike, ndipo sindano iingie. Ukiwa bado na woga, anza na mabaki yaliyo chini ya meza ya cherehani. Hayo yamekwisha kukatwa, na hakuna mteja atakayeyaulizia.

“Sijui kuchora.”
Vuka Mto Kagera uingie Rwanda, ufike Nyakarambi. Wanawake wa huko wamejulikana kwa imigongo, mapambo ya ukutani yanayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe kisha yakapakwa rangi. Imigongo ya jadi haina sura ya mtu wala mti, ni pembetatu, mishazari na mizunguko tu, na bado inamsimamisha mpita njia. Msukaji wa mikeka naye hupanga maumbo kama hayo bila penseli. Isitoshe, kitenge kimeshachorwa kiwandani. Kazi iliyobaki ni kuamua rangi ipi ikae jirani na ipi. Fumba macho nusu utazame: palipokolea na palipofifia pakitofautiana, mpangilio umesimama.

“Lazima nijue mwisho wake kabla ya mshono wa kwanza.”
Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi. Wanawake wao hushona matandiko yaitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Mshonaji huanzia pembeni akazunguka kuelekea katikati, akiongeza kiraka baada ya kiraka, na mishono midogo ya mkono ikishika tabaka zote kwa pamoja. Hana mchoro mbele yake, kila kiraka kinamwambia kinachofuata. Mwishoni pembe nne hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo tandiko huhesabiwa kuwa uchi. Wana kanuni, basi, lakini kanuni hiyo haimdai mtu aone kazi nzima kabla hajaianza.

“Sina mashine ya maana.”
Mchagua jembe si mkulima. Kawandi hushonwa kwa mkono. Kwa kazi ya kwanza, sentimita 30 kwa 30 zinatosha: uso wa viraka, kipande cha blanketi katikati, kitambaa cha mgongo nyuma. Piga bandi tabaka zote tatu zisiteleze, kisha, tofauti na kawandi, shona kuanzia katikati kwenda nje ili mikunjo isijifiche ndani. Hofu moja tu ina haki hapa, ile ya rangi kuchuja. Fua kitenge kipya na ukipige pasi kabla ya kukikata.

“Hiyo ni sanaa ya Wazungu wenye nafasi.”
Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha kitambaa chake cha visa vya Biblia katika maonyesho ya pamba mjini Athens, jimboni humo. Baadaye, shida zilipombana, alikiuza kwa dola 5. Leo kinatunzwa na taasisi ya Smithsonian, Washington. Faith Ringgold wa New York alikuwa tayari mchoraji anayejulikana alipotengeneza kitambaa chake cha kwanza cha viraka mwaka 1980, na alikifanya pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu na mshonaji wa mavazi. Mchoraji ndiye aliyemhitaji mshonaji.

“Basi ningoje hofu iishe.”
Haiishi kwa kungojwa. Mkono wako ulitulia kwenye magauni baada ya kukata mengi, na viraka navyo vina njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukimaliza cha kwanza usikifumue ili kukirekebisha. Kitundike kilivyo, na uwe umeshapanga vipande vya pili kabla wageni hawajaanza kutoa hukumu.