Ojanaiza imeingia ndani ya simu, kazi yake tumeiacha nje



Kijana wa sekondari wa leo ukimtajia ojanaiza ya mkononi, huenda asijue unazungumzia kitu gani. Ilikuwa ni daftari la kielektroniki la kutia mfukoni, na kazi yake ilikuwa kumtunzia mtu ratiba, anwani na mambo ya kukumbuka. Simu imeimeza, na wengi wanasema hayo ni maendeleo, tusonge mbele. Mimi nakubali kwamba chombo kile wakati wake umepita. Ninachokataa ni sisi kuiacha na kazi yake pia, maana hasara yake inaingia majumbani mwetu.

Tuanze na historia kidogo. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser yake mwaka 1984. Apple ikaleta Newton mwaka 1993, na mwaka 1998 ikaachana nayo. Iliyopendwa na watu ilikuwa Pilot ya Palm, iliyotoka Marekani mwaka 1996. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, kabla ya kuitengeneza alitembea na kipande cha mbao mfukoni, chenye ukubwa aliokusudia. Akipangiwa miadi, alikitoa akajifanya anaandika juu yake, ili ajue mtu anahitaji nini hasa. Chombo kilipotoka kilikuwa na vitufe vinne vya kazi: kalenda, anwani, orodha ya shughuli na maandishi mafupi. Betri mbili ndogo zilikiendesha kwa wiki kadhaa.

Lakini nani anataka kubeba vyombo viwili mfukoni? Mwaka huo huo wa 1996 Nokia ilitoa Communicator, simu na ojanaiza kwa pamoja. Mwaka 2002 ikaja Treo ya Handspring, na mwaka 2007 ikaja iPhone. Palm ikanunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP ikaacha kutengeneza vyombo hivyo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, wengi wetu hatukuwahi kumiliki ojanaiza. Tulitoka kwenye shajara ya karatasi na kalenda ya ukutani, tukarukia simu moja kwa moja. Hata Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi, ilikuwa na kengele na sehemu ya kuandika vikumbusho. Tochi tuliitumia sana, vikumbusho ni wachache waliovigusa. Simu tuliijua kwa kuongea na kutuma ujumbe, kisha Kenya ikaanza M-Pesa mwaka 2007, tukaijua kwa kutuma pesa. Kuitumia kupanga siku hatukufundishwa na mtu.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Ojanaiza ilikaa kimya ikimngoja mwenyewe. Ikilia, ni kwa sababu mwenyewe aliiambia ilie. Simu inalia kwa ajili ya kila mtu isipokuwa mwenyewe: kundi la harusi, tangazo la biashara, video ya mtu asiyekujua wala humjui. Mama anaishika ili aandike tarehe ya kliniki ya mtoto, anakutana na ujumbe kumi na tano. Anapoiweka chini nusu saa imepita, na tarehe haikuandikwa.

Wapo watakaosema kuwa simu inafanya yote hayo vizuri zaidi. Ni kweli. Kalenda ya simu inaweza kusomwa na baba na mama kwa pamoja hata wakiwa miji miwili tofauti, na programu ya nyakati za sala inajirekebisha ukisafiri. Ojanaiza ya 1996 isingeweza hayo. Lakini uwezo usiotumika unamfaa nani? Mtu ana kalenda mkononi mchana kutwa, na bado anaulizwa kuhusu kikao cha wazazi anajibu, "Loo, nilisahau!"

Na kusahau huku si jambo dogo. Miadi ni ahadi. Mwanafunzi akipitwa na siku ya mwisho ya kujiandikisha mtihani, anaweza kupoteza mwaka mzima. Deni lisipoandikwa huwagombanisha ndugu wa tumbo moja. Sisi ambao Qur'ani yetu, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, inatuagiza kuandika deni la muda maalumu, tunapaswa kuwa wa mbele katika kuweka kumbukumbu, si wa nyuma.

Tufanye nini basi? Wazazi wenzangu, vile vitufe vinne vinatosha kutuongoza. Kalenda na vikumbusho viwekwe ukurasa wa mwanzo wa simu, mahali pa kuonekana, na programu za kupotezea muda zihamishwe nyuma. Zizimwe kengele zote isipokuwa za kupigiwa na za yale uliyoyapanga mwenyewe. Kila wiki, siku moja baada ya chakula cha usiku, familia ikae dakika kumi iandike ya wiki ijayo: ada, kliniki, mitihani, wagonjwa wa kutembelewa, madeni ya kulipa. Namba muhimu ziandikwe na kwenye daftari, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Na mwanafunzi asiyeweza kujizuia akishika simu, anunuliwe shajara ya karatasi. Bei yake ni ndogo na haina kundi la harusi ndani yake.

Watoto wetu watakuwa na simu tutake tusitake. Wakituona tunazitumia kutimiza ahadi, watajifunza hivyo. Wakituona tunazitumia kupoteza muda tu, watajifunza hivyo pia.

Wabillahi tawfiq.