Mashine ya kuoshea vyombo kwa biharusi wa Geita na Kahama: maji kwanza



Msimu wa harusi ukikaribia, orodha ya vyombo vya biharusi huwa ndefu kila mwaka. Mama zetu waliondoka kwao na kitanda, kabati, sufuria za saizi zote, masinia, vikombe vya kahawa na chetezo. Baadaye likaja friji, likafuata jiko la gesi, kisha mashine ya kufulia. Sasa tunaulizwa kuhusu mashine ya kuoshea vyombo. Wanaouliza si wa Mjini wala Chake tu. Mabinti wa Unguja na Pemba siku hizi wanaolewa mbali, hadi Kanda ya Ziwa, ambako waume zao wana maduka au ajira kwenye migodi ya dhahabu. Wapo wanaokwenda Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2000. Wapo wanaokwenda Kahama na Shinyanga mjini, upande wa Bulyanhulu na Mwadui ya almasi.

Swali linalokuja ni moja: tumnunulie ipi? Sisi jibu letu linaanzia mbali kidogo na duka. Kabla ya kumnunulia biharusi mashine, mnunulieni maji. Nyumba ikishakuwa na maji yanayosukuma na sinki lenye njia ya kutolea maji machafu, hapo ndipo mashine inakuwa neema. Bila hivyo itakuwa kabati la kuwekea vikombe, tena kabati la bei ghali.

Mashine imezaliwa kwenye nyumba yenye bomba

Aliyeipa dunia mashine hii kwa namna iliyofanya kazi ni mwanamke, Josephine Cochrane wa jimbo la Illinois, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1886. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini walioinunua kwanza walikuwa wenye hoteli na mikahawa. Nyumba nyingi za wakati ule, hata huko Marekani, hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuiendesha. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi ikawa chombo cha kawaida cha jikoni. Kwa hiyo dada aliyeko Nyankumbu au Kahama asione aibu kusema nyumba yake haijawa tayari. Hata kwa wenyewe ilikuwa hivyo hivyo.

Tuangalie sasa hali ya huko. Shinyanga ni nchi kavu, na mji wake kwa miaka mingi ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa unaovuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Ni kazi ya kushukuriwa sana. Lakini bomba kufika mjini si sawa na bomba kufika jikoni kwako. Nyumba nyingi za kupanga zina bomba moja uani, ndoo zimepangwa, na vyombo vinaoshwa kwenye beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza.

Mashine haichoti kwenye ndoo. Inataka maji yaje yenyewe, tena kwa nguvu. Mashine nyingi huandikwa kwamba zinahitaji msukumo wa angalau bar 0.3 au 0.5. Tulitafsiri kwa lugha ya nyumbani: bar moja ni sawa na tangi kuinuliwa kiasi cha mita 10 juu ya bomba. Simtanki iliyo juu ya stendi ya mita mbili inatoa kama bar 0.2 tu. Mashine itakaa inasubiri maji, itawasha taa ya hitilafu, na fundi ataitwa bure. Tiba ni kuinua stendi au kufunga pampu ndogo, na hiyo iingie kwenye hesabu kabla ya mashine, si baada yake.

Je, kweli inaokoa maji?

Muuzaji atakwambia inaokoa maji, na hasemi uongo. Mashine ya saizi kamili ikiwa kwenye programu ya kubana matumizi hutumia kama lita 10 hadi 15 kwa mzigo mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwaangalia watu wa nchi kadhaa za Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12, wakakuta kwa wastani wanatumia zaidi ya lita 100.

Lakini wale waliokuwa wakimwaga maji mengi ni wanaoacha bomba wazi huku wanasugua. Dada anayeosha kwa beseni mbili, na ndoo ameinunua au ameichota mwenyewe, hamwagi lita 100. Pengine anamaliza na ndoo moja na nusu, lita 30. Kwa hiyo faida yake ya maji ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Asinunue kwa sababu hiyo peke yake.

Umeme nao una hesabu yake. Mzigo mmoja unakula karibu uniti moja, kwa sababu kazi kubwa ya mashine ni kuchemsha maji. Ukiwasha kila siku ni uniti 30 kwa mwezi, na kwa bei ya kawaida ya LUKU ya karibu shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000. Kuna jambo ambalo wengi hawalioni: nyumba iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu zaidi. Mashine inaweza kukutoa kwenye kundi hilo, ukajikuta friji na taa zako nazo zimepanda bei.

Vyombo vyetu si vyao

Ukisoma karatasi ya mashine utaona imeandikwa inabeba vyombo vya watu 12 au 14. Hesabu hiyo ni ya sahani bapa, sahani ya supu, kikombe na kisahani chake, glasi, uma na kisu. Jikoni kwetu hakuko hivyo. Sisi tuna sufuria ya wali yenye ukoko, sufuria ya mchuzi, chungu, mwiko, mbuzi ya nazi, na sinia la pilau linalokaliwa na watu watano. Huko alikohamia ameongeza sufuria ya ugali na kikaango cha sato.

Sinia kubwa haliingii kwenye mashine. Ukoko wa ugali hautoki mpaka uuloweke na kuukwangua kwanza. Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi, zinapoteza mng'ao na kuwa nyeusi kwa ile sabuni kali. Mwiko na mbuzi ya nazi ni mti, zitapasuka. Vikombe vya kahawa vyenye mstari wa dhahabu vitafutika mstari wake, na chetezo cha fedha kitabadilika rangi. Hivyo vyote bado ni vya mkono. Na tukumbuke kwamba familia inayokula sinia moja imeshapunguza kazi ya kuosha kabla mashine haijawashwa.

Kuna chombo kimoja hatuna mzaha nacho. Kwenye ukanda wa dhahabu wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Moshi wake ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Karai, beseni au sufuria iliyotumika kwa zebaki isirudi jikoni, wala isiingizwe kwenye mashine kwa kudhani maji ya moto yataitakasa. Yataisambaza kwenye sahani za watoto. Ikiwa mume au shemeji anafanya kazi hiyo, vifaa vyake vikae mbali na nyumba, na biharusi asione haya kulisema hilo tangu wiki ya kwanza.

Nyumba ikiwa tayari, achague hivi

Kwanza, aangalie kama nyumba ni yake au ya kupanga. Ajira za migodini huhamisha watu, leo Geita kesho Kahama. Mwenye kupanga anafaa ile ndogo ya kuweka juu ya meza. Zipo ambazo unazijaza maji mwenyewe kwa jagi, kama lita tano, bila fundi bomba. Haitachukua sufuria, lakini itamaliza sahani, glasi na vikombe vya watu wawili watatu, na atahama nayo.

Mwenye nyumba yake anaweza kuchukua ya upana wa sentimita 45, au 60 ikiwa familia ni kubwa na wageni hawakauki. Achague ambayo trei ya juu inapandishwa na kushushwa, ili sufuria zipate nafasi chini.

Pili, aulize maji ya nyumba ni ya wapi. Maji ya ziwa ni laini. Ya kisima kirefu mara nyingi ni magumu, ndiyo yale yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Mwenye kisima achukue mashine yenye sehemu ya kutilia chumvi ya kulainisha maji. Chumvi hiyo ni maalumu, si ya mezani. Na sabuni yake pia ni maalumu. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono itatoa povu mpaka sakafuni.

Tatu, aulize fundi na vipuri viko wapi. Akiambiwa Dar es Salaam, ahesabu nauli ndani ya bei. Na asisahau kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka.

Nne, kwa mwenye kununua ya mtumba. Miji ya migodi ina wageni wa kila dini, na mashine inaweza kuwa imeosha vyombo vya nguruwe. Katika madhehebu yetu ya Shafii, najisi ya mbwa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Amuulize muuzaji bila kificho, na amuulize sheikh wake kabla ya kulipa.

Mikono ya nani?

Tumeacha la mwisho lililo kubwa. Mashine inanunuliwa ili mikono ipumzike. Tujiulize ni mikono ya nani.

Sote tunakijua kisa cha Bibi Fatima, Mwenyezi Mungu amridhie, mikono yake ilipoumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba msaidizi. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimfundisha yeye na mumewe tasbihi 33, tahmidi 33 na takbira 34 kabla ya kulala. Sisi tunachukua mambo mawili hapo. Kwanza, uchovu wa mwanamke jikoni ni jambo la kweli, lilisikilizwa na halikudharauliwa. Anayemwambia biharusi kwamba kutaka mashine ni uvivu, ameusahau mkono ule. Pili, nguvu ya nyumba haiuzwi dukani peke yake.

Na katika nyumba nyingi anayeosha vyombo si biharusi. Ni dada wa kazi, mara nyingi msichana mdogo aliyetoka kijijini, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Tumesikia wanaosema, tununue mashine tumwondoe. Sisi hatukubaliani nao. Tumefundishwa tusimtwike anayetutumikia kazi inayomshinda, na tukimtwika basi tumsaidie. Mashine iwe ndiyo msaada huo. Ikimwokolea saa moja usiku, saa hiyo iwe yake ya kulala au ya kusoma Qur'ani, isigeuzwe kuwa ya kupiga pasi.

Na mume naye ana mikono. Mama Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake hadi wakati wa sala. Bwana harusi anayerudi kutoka zamu ya mgodini hawezi kushindwa kusuuza kikombe chake.

Kwa hiyo, mama na shangazi mnaochanga, tunawashauri mpange fedha kwa utaratibu huu: tangi na stendi yake, kisha sinki la ndani na bomba la kutolea maji, kisha pampu. Kikibaki cha kutosha, na nyumba ikiwa ya kudumu, ndipo mashine. Ikiwa hakijatosha, tangi lenyewe litamhudumia miaka mingi, litampa maji ya udhu, ya kupikia na ya kuogeshea mtoto. Hakuna biharusi atakayejuta kuingia nyumba yenye maji.

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zenu baraka, na awape masikilizano. Amin.