Mbwa anayebweka kila usiku

Simu za Android tunazoshika kila siku ziko na Linux ndani. Tangu 2012, kerneli ya Linux iko na mlinzi wa mlangoni, seccomp yenye kichungio: programu ikiomba kitu isichoruhusiwa, inakataliwa. Na kuko majaribio ya kuangalia kama mlinzi huyo hasinzii.

Lakini prosesa haziko sawa. Kwenye x86, kerneli ikikataa ombi inarudisha namba hasi. Kwenye PowerPC, kwa desturi yake ya zamani, inarudisha namba chanya na kuweka alama pembeni. Jaribio lililoandikwa kwa kufuata x86 tu linasema mlinzi amelala, kumbe yuko macho.

Wengine wanasema: turuke jaribio hilo, watumiaji wa PowerPC ni wachache. Sisi tunakataa. Mbwa akibweka bure kila usiku, siku mwizi anakuja kweli hakuna mtu ataamuka. Na ukimfukuza mbwa, ni nani atabweka? Juu ya ile tunasema: jaribio lifundishwe desturi ya kila prosesa, lisifutwe. Wachache nao wako na mlango wa kulinda.