Harambee Si Badala ya Haki

Ndugu Wakenya, mke akipatwa na saratani, mume huacha kibarua ili amuuguze. Riziki hukatika, shamba likauzwa. Ndipo sisi hupitisha kikapu kanisani. Na tutazidi kukipitisha, maana nauli, malazi na karo ya watoto havingoji. Lakini sadaka yetu isiwe kisingizio cha serikali kulala. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, yatamka kwamba afya ni haki. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Twauliza: mbona bima iwekewe kikomo, ilhali saratani haijui kikomo? Leo tuchange, kesho tudai hesabu. Haki haiombwi, hudaiwa.