Kipya kinyemi, miguu ikilia

Huku Chonyonyo, Karagwe, mtu akitaka kwenda safari ndefu ya miguu, hakosi wa kumwambia: "Nunua kiatu kipya, hicho cha kushonwa kitakuaibisha njiani." Ushauri huu ni mbovu.

Raba na buti nyepesi za siku hizi, nyingi soli zake zimeshikwa kwa gundi tu. Gundi haipatani na jua kali wala tope la masika, na barabara za vumbi za Karagwe zina vyote viwili. Soli ikiachia kwenye vidole, kila hatua inachota maji na kokoto. Tena kiatu kipya hakijauzoea mguu, malengelenge huanza kisiginoni kabla hujaivuka kata. Wahenga walishasema: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Buti za mtumba nazo zina mtego wake. Baadhi zina soli ya kati ya poliyurethani, ambayo unyevu huila polepole hata buti ikiwa kabatini. Kwa nje inang'aa. Ukipanda nayo mlima mmoja, soli inamomonyoka kama keki kavu. Kabla hujalipa, bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba. Ikipasuka, mrudishie mwenye nayo.

Sasa mtazame fundi viatu gulioni. Kwanza huchana mfereji mwembamba kuizunguka soli, ndipo hupenyeza msharasi na kuuvuta uzi wa nailoni hadi uzame mferejini. Uzi uliozama hausagwi na mawe. Kisigino kilicholika hukiwekea kipande cha tairi, na safari inaendelea.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwenda Namugongo kuwaenzi Mashahidi wa Uganda. Anayetoka Fort Portal hukata takriban kilometa 300. Kiatu chochote kinaweza kuharibika kwenye mwendo kama huo. Kinachotakiwa ni kiatu ambacho fundi yeyote wa kando ya barabara anakimudu. Ndiyo maana katambuga hazijafa: mkanda ukichomoka, msumari mmoja unatosha.

Watasema kushona kila mara ni hasara. Ni kweli kwamba sponji ya soli ikishabonyea haishoneki; nyayo na magoti yakianza kuuma, kiatu hicho kimekwisha. Lakini vingapi tunavitupa kwa sababu ya soli iliyoachia tu, huku ngozi na sponji bado ni nzima? Hapo hasara ni ya anayetupa, si ya anayeshona.

Kwa hiyo, ukinunua kipya, kipeleke kwa fundi siku hiyohiyo kipigwe uzi, kisha kivae shambani na sokoni wiki kadhaa ndipo uanze nacho safari. Anayeona haya kuvaa kiatu chenye uzi ajiandae kutembea peku.