Historia ya Simiyu haikuanza 2012
Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta jina "Simiyu" katika majalada ya kikoloni ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, anaweza kutoka mikono mitupu akidhani hakuna kitu. Mkoa huu ulizaliwa 2012 tu, ukimegwa kutoka Shinyanga. Enzi za Mwingereza, Bariadi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Atafute huko. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo inahifadhi karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila za Wasukuma akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Zisomwe, ila msomaji akumbuke nani alikuwa akimlipa. Kwangu mimi, hazina kubwa zaidi iko majumbani: stakabadhi ya pamba iliyofifia wino, yenye uzito, daraja na bei, daftari la chama cha msingi cha ushirika, bibi anayekumbuka mwaka malipo yalipochelewa. Mchwa hawasubiri utafiti. Wahadhiri, wapeni vijana barua za utambulisho mapema, wafike kwenye nyumba hizo kwa wakati. Nanyi wenye masanduku ya karatasi za namna hiyo, msichome hata moja kabla haijapigwa picha.