Arusi ya Gitaa na Kikorombwezo: Nani Hakualikwa?

Wenzangu wa fasihi simulizi wanalifahamu vyema neno vikorombwezo. Ni yale mapambo ambayo mtambaji au mghani huyatia katika utendaji wake: kupandisha na kushusha sauti, kuguna, kupiga makofi, kunyamaza ghafla, almuradi hadhira isisinzie. Nimeliazima neno hili kwa makusudi. Katika muziki wa kisasa kuna viwanda vizima ambavyo kazi yake ni kuunda vikorombwezo vya sauti, yaani visanduku vidogo vya chuma vyenye umeme ndani, ambavyo mpiga gitaa huvipanga sakafuni mbele yake na kuvikanyaga kwa mguu ili sauti ya nyuzi ikwaruze, irejee kama mwangwi, au ipae juu kuliko nyuzi zenyewe zinavyoweza. Wanamuziki huviita pedali. Gitaa la umeme lisilo na pedali wala amplifaya ni ubao wenye nyuzi tu. Hata aliye chumba cha pili halisikii.

Hivyo basi si ajabu kwamba waunda magitaa na waunda vikorombwezo wamekuwa wakitafutana tangu zamani. Gibson, kampuni kongwe ya magitaa ya Marekani, ilitoa pedali ya kukwaruza sauti, Maestro Fuzz-Tone, mwaka 1962, na asili ya sauti yenyewe ilikuwa hitilafu ya mtambo katika studio moja mjini Nashville, hitilafu iliyowapendeza waliokuwapo. Mwishoni mwa mwaka 2013 Yamaha ya Japani ilikubaliana kuinunua Line 6, na mwaka 2021 Fender ikainunua PreSonus, waunda vifaa na programu za kurekodi. Sina neno na arusi hizo. Ninayotaka kuizungumzia ni ile ya mwaka 2022, wakati Cor-Tek ya Korea Kusini, wenye magitaa yajulikanayo kwa jina la Cort, walipoitwaa DigiTech ya Marekani pamoja na ndugu yake DOD.

Kwanza tuelewane kuhusu lugha. Shughuli za namna hii hupenda kuitwa muungano. Kiswahili kina uangalifu zaidi kuliko wafanyabiashara. Kuungana ni kauli ya kutendana: kila upande humuunga mwenziwe. Kununuliwa ni kutendwa. Na kuna kumezwa, ambako baada yake hakuna aulizaye tena habari za aliyemezwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepita somo la mnyambuliko wa vitenzi anatosha kuisoma taarifa ya kampuni na kutambua ni kipi kilichotendeka.

DOD ilianzishwa mwaka 1973 katika jiji la Salt Lake City, jimbo la Utah, na jina la DigiTech likazaliwa humo katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 ilinunuliwa na Harman; Harman nayo ikanunuliwa na Samsung mwaka 2017. Mwaka uliofuata wafanyakazi wengi wa Utah waliachishwa kazi, na jina lililokuwa likitajwa na wapiga magitaa wa kila bara likaanza kufifia. Lililoipa DigiTech sifa kubwa kuliko yote ni pedali iitwayo Whammy, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, teknolojia yake ikiwa imebuniwa na wahandisi wa IVL, kampuni ya Kanada ambayo ni wachache sana wanaoikumbuka. Mtu akikandamiza Whammy kwa unyayo, sauti ya gitaa hupanda oktava nzima kwa mteremko mmoja usiokatika, kama king'ora, au kama mtu anayepiga ukemi. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuufanya uzi ufanye hivyo peke yake.

Cor-Tek nayo ilianza mwaka uo huo wa 1973. Wengi wa wasomaji wamewahi kuyagusa magitaa yake bila kujua, maana mbali na jina la Cort, kampuni hii imeunda magitaa kwa niaba ya majina makubwa kama Ibanez na Fender. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika katika miji ya Incheon na Daejeon. Wafanyakazi wa huko walilalamikia vumbi la mbao na dawa za kupakia rangi, na kiwanda kisichokuwa na madirisha. Walipokwisha kujiunga katika chama, kampuni ilikuwa tayari ina viwanda Indonesia na China. Mwaka 2007 makumi yao waliachishwa kazi Incheon, na kiwanda cha Daejeon kikafungwa.

Kilichofuata kingeweza kuwa tamthilia. Watu waliokuwa wamezoea kusugua shingo za magitaa wasiyoyapiga walijifunza kuyapiga, wakaunda bendi yao. Walikwenda Ujerumani, Japani na Marekani kuwafuata wanunuzi wa magitaa katika maonyesho ya biashara. Mahakamani walishinda hapa, wakashindwa pale. Mwaka 2013 baadhi yao walipanda jukwaani wakaigiza Hamlet, na sijui mhakiki gani angeweza kuwafunza maana ya kuahirishwa kwa haki kuliko walivyoijua wao. Mwezi Aprili 2019, baada ya mmoja wao kugoma kula kwa siku 42, makubaliano yalitiwa saini. Kwa hesabu yao ilikuwa siku ya 4,464. Kampuni ilieleza masikitiko yake. Wafanyakazi watatu waliokuwa bado wanashikilia mapambano walirejeshwa kazini kwa muda usiozidi mwezi, urejeshwaji wa jina na heshima tu, kisha wakaondoka. Na wanachama waliobaki wakalipwa fidia.

Hapa ndipo hadithi inapotugusa sisi wa Kenya kwa njia ambayo sikuitarajia. Mtu aliyeifanya Whammy ijulikane kuliko mwingine yeyote ni Tom Morello wa bendi ya Rage Against the Machine, mwana wa Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wa Kenya, na mama Mmarekani aliyekuwa mwalimu nchini humu. Katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1992, ile sauti inayolia kama king'ora kwenye wimbo "Killing in the Name" ni Whammy chini ya mguu wake. Na ni Morello huyo huyo ambaye mwezi Januari 2010, wafanyakazi wa Cort walipofika California kupeleka kilio chao, alisimama nao hadharani na kutumbuiza kwa ajili yao mjini Los Angeles. Miaka kumi na miwili baadaye, kampuni waliyokuwa wakiilalamikia ikawa mwenye pedali iliyompa sauti yake. Mtunzi wa riwaya akiandika sadfa kama hiyo, sisi wahakiki tungemsuta kwa kulazimisha msuko.

Rafiki yangu mmoja, mpiga gitaa hodari kuliko mimi, aliposikia nikiyasema haya aliniuliza kama ningependelea Whammy ife. Swali lake ni la haki, na sitaki kulikwepa. Lau Cor-Tek hawangeinunua DigiTech, yamkini pedali zile zingebaki katika maduka ya mitumba na kumbukumbu za mashabiki. Aliyezinunua ni mtu wa magitaa, anayejua zinatumiwaje. Kwa Samsung zilikuwa tone katika bahari ya simu na runinga. Isitoshe, ni viwanda vya Indonesia na China vilivyoshusha bei hata kijana wa Kayole au Kisumu akaweza kuchangisha pesa na kulipata gitaa jipya. Mfanyakazi wa Indonesia naye ana watoto. Kwa hiyo simwambii mtu asinunue. Wafanyakazi wenyewe walitia saini, na mimi si mwenye kesi.

Ninachokipinga ni namna hadithi inavyosimuliwa. Nilizisoma taarifa na makala kadhaa kuhusu ununuzi ule, nikazisoma kama ninavyozisoma matini za fasihi, nikitafuta wahusika. Nilikuta majina ya bidhaa. Nilikuta "imerudi", "imefufuliwa", "imepata makao mapya". Pedali ndiyo iliyokuwa shujaa; ilianguka, ikalala, ikaamka. Binadamu aliyetajwa alikuwa meneja au mpiga gitaa maarufu. Waliofukuzwa Utah walipita kwa sentensi moja, kama walipita kabisa, na wa Incheon na Daejeon hawakuwamo. Ni masimulizi ambamo vitu vina uhai na watu ni mandhari. Katika mihadhara yetu, kukipa kitu uhai huitwa tashihisi na tunaisifu. Hatujiulizi vya kutosha inamfichia nani uso.

Alamin Mazrui alipoandika Kilio cha Haki mwaka 1981 alifanya kinyume chake. Shamba lipo, mazao yapo, mwenye mali yupo, lakini jukwaa ni la wafanyakazi na Lanina anayewaongoza, na hatuwezi kuliwaza zao la shamba lile bila kuwaza mikono yao. Tumeufundishwa mchezo huo, tukaujibia maswali ya mtihani, kisha tunatoka darasani na kuandika tahakiki za muziki ambamo sauti huota yenyewe kama uyoga. Baadhi yetu sasa huandika kuhusu muziki magazetini na redioni. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika kurasa mbili kuhusu uzuri wa gitaa katika benga, nikaeleza jinsi lilivyoiga nyatiti, nisiulize hata mara moja magitaa ya wanamuziki wale yalitoka wapi na kwa bei gani. Mtu wa nyatiti alimjua fundi aliyelichonga. Mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe.

Sidai kwamba kila anayecheza ngoma aisome historia ya kiwanda. Ila mhakiki anayelipwa kwa kusikiliza hana udhuru. Kampuni mbili zikioana, aulize posa ililipwa na nani, na nani aliondoka kupitia mlango wa nyuma siku ile ile.

Gitaa nililo nalo chumbani ni Cort. Nililinunua kwa mkono wa pili kwa mwanafunzi aliyekuwa akimaliza masomo, na ninalipenda. Nyuma ya kichwa chake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba lilitengenezwa Indonesia. Nimelichunguza mwili mzima mara nyingi, na chini ya rangi, karibu na mahali shingo inapoungana na tumbo, kuna mkwaruzo mmoja mdogo wa msasa ambao mtu fulani hakuumalizia.